Kikundi chetu cha kusoma Tanga: PDF za bure ndizo zinatuchagulia kitabu, tufanyeje?

BintiChumbageni:
Wadau habari zenu, wakubwa shikamooni. Tuna kikundi cha kusoma hapa Tanga. Huwa tunachanga kila mwezi, tunaagiza riwaya Dar, inapita mkono kwa mkono. Tangu watu waanze kurushiana PDF WhatsApp, mchango umedorora. Ukimdai mtu anakwambia, "Ninunue cha nini, na cha bure kipo?"

Pesa hainiumi sana. Kinachoniuma ni kwamba hatujiulizi tena tunataka kusoma nini, tunasoma kilichopatikana. Karibu vyote ni vya Kiingereza, vya zamani au vya kufundisha utajiri. Riwaya mpya za Kiswahili hata hazitajwi. Tena watu wanapakua tu hadi simu zinajaa, kikao kikifika wengi hawajavuka sura ya pili. Nishikilie mchango au niachie?

Mzee wa Raskazone:
Marahaba binti. Tenganisheni cha bure na cha wizi. Project Gutenberg, ile maktaba ya vitabu vya bure mtandaoni, ilianza 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vimeshaisha hakimiliki Marekani. Ndiyo maana mnaona vya zamani na vya Kiingereza. Kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Riwaya ya mtu aliye hai, iliyopigwa picha kurasa zote ikarushwa kundini, ni jasho la mtu hilo.

MpendaRiwaya:
Mzee wangu, kwa heshima, bure nayo inauza. Cory Doctorow wa Kanada mwaka 2003 alitoa riwaya yake ya kwanza bure mtandaoni siku ileile ilipoingia madukani, na akaendelea hivyo na vitabu vilivyofuata. Mimi nikionja mwandishi nikampenda, namtafuta hadi nimpate.

Mzee wa Raskazone:
Yeye aliamua mwenyewe, mwanangu. Wetu nani amewauliza?

MamaWawili:
Dada, usiwabane wasio nacho. Wengine riwaya moja ni mboga ya siku kadhaa. Wanangu nawasomea hadithi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto za bure, zipo hadi za Kiswahili na ni halali kabisa. Na maktaba ya mkoa si ipo hapohapo mjini?

KijanaNgamiani:
Mimi naona mmegeuza utaratibu. Chagueni kitabu kwanza, wote mkiwa mmekaa, ndipo mtafute kinapatikanaje. Kikiwepo bure kihalali, pakueni. Kikiwepo maktaba, azimeni. Kisipokuwepo, hapo ndipo mchango una kazi, na mtu atatoa kwa kuwa kitabu alikitaka mwenyewe.

BintiChumbageni:
KijanaNgamiani, hili nalibeba. Mama, umenigusa pia, asiye na uwezo mwezi huo hatadaiwa. Sasa nisaidieni: duka gani hapa Tanga mjini linakubali kuagiza riwaya mpya kwa oda?