Naomba ushauri: usaili wangu wa uraia wa Marekani ni tarehe 28 Oktoba, na Kiingereza changu ni cha kiwandani

MamaSifa_DesMoines, 3 Oktoba 2025

Jambo ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mkongomani wa Fizi. Nimekaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na saba kabla ya kuletwa Iowa mwezi wa sita 2018. Barua imefika Jumatatu: usaili wa uraia, tarehe 28 Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi, hapahapa Des Moines. Tangu siku hiyo usingizi umenipotea.

Nafanya kazi kiwanda cha nyama, shifti ya usiku. Kiingereza ninachokijua ni cha pale: kisu, glavu, haraka, mapumziko. Msimamizi akisema kitu naitika "yes", niwe nimeelewa au sijaelewa, maana ukisema "no" anadhani unakataa kazi. Kusoma nasoma kidogo, shule niliisoma kwa Kifaransa na Kiswahili.

Kinachoniumiza zaidi ni mwanangu wa pili. Alizaliwa kambini tarehe 9 Februari 2008. Nimeambiwa nikiapishwa kabla hajatimiza miaka 18, naye anakuwa raia palepale. Nikianguka, nasikia wanakurudisha baada ya siku 60 hadi 90. Nimehesabu, ni mwisho wa Desemba mpaka mwisho wa Januari, na bado kuna kungoja kiapo. Nitakuwa nimemkosesha mtoto kwa sababu ya Kiingereza changu.

Halafu kanisani wanasema maswali ya mtihani wa uraia si 100 tena, ni 128, kuanzia tarehe 20 Oktoba. Mimi nimekariri yale 100 tangu Machi nilipotuma fomu. Nianze upya? Pia nilipigwa tiketi ya spidi 2022, nikalipa dola 135. Kwenye fomu niliiandika. Na mama yangu ana miaka 71, tulikuja naye, hajui kusoma. Naye atafanya mtihani huuhuu?

Nisaidieni, Mungu awabariki.

---

Binti_Ujiji

Mama Sifa, pole, ila hilo la 128 litoe kichwani leo hii. Mtihani mpya ni wa wale wanaotuma fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025. Wewe ulituma Machi, kwa hiyo unabaki na mtihani wa 2008: maswali 100 ya kusoma, ofisa anakuuliza mpaka 10, ukipata 6 anaacha kuuliza. Tarehe ya usaili haihusiki kabisa. Chukua barua ya kwanza waliyokutumia kuthibitisha kwamba wamepokea fomu, tarehe iko pale.

Wanaokuja baada yetu ndio wataulizwa mpaka 20 na kutakiwa kupata 12. Waambie na hao wa kanisani: mwenye fomu yake tayari mezani na sifa zimetimia, aitume kabla ya tarehe 20.

---

MamaSifa_DesMoines

Nimeiangalia. 18 Machi 2025. Asanti dada, umenitua mzigo.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Mama Sifa, mimi ni Mkongo mwenzako wa Uvira, nafundisha darasa la uraia jioni kwa kujitolea, mwaka wa sita sasa. Nitaandika kirefu kwa sababu umegusa jambo linaloangusha wanafunzi wangu kuliko maswali yote 100.

Ni hiyo "yes" yako ya kiwandani.

Kwetu mkubwa akisema, unaitika kwanza, kuelewa kunakuja baadaye. Ni heshima tuliyolelewa nayo. Lakini mbele ya ofisa umeshainua mkono wa kulia na kuapa kusema kweli, na mbele yake kuna fomu yako ambayo atapita nayo ukurasa kwa ukurasa. Atakuuliza kama umewahi kufungwa, kama umewahi kumdanganya ofisa wa serikali, kama umewahi kujisingizia uraia, kama umewahi kuwa kwenye kundi lenye silaha. Mama mmoja wa darasani kwangu aliitika "yes" mara tatu mfululizo kwa maswali ya namna hiyo, kwa adabu tu, anatabasamu. Ofisa aliweka kalamu chini akamtazama. Bahati yake ofisa alirudia kwa maneno mengine, akagundua hakuelewa. Lakini hapo ndipo Kiingereza chake kilipohukumiwa. Maswali ya historia alipata 6 kwa 6, na bado hakupita siku ile.

Watu wanadhani mtihani wa Kiingereza ni kusoma sentensi moja na kuandika sentensi moja. Hizo ni rahisi, unapewa nafasi tatu kwa kila moja, na maneno yake yamechapishwa bure. Mtihani mkubwa wa kuongea ni hayo mazungumzo juu ya fomu yako mwenyewe. Unaanza tangu mlangoni: ofisa anakuita, mnatembea kwenye korido, anakuuliza umekujaje, umeegesha gari wapi. Pale tayari anakusikiliza.

Kwa hiyo fanya hivi. Chapisha nakala ya N-400 uliyoituma. Kila neno usilolijua lipigie mstari, andika maana yake kwa Kiswahili pembeni kwa mkono wako. Ukisikia "have you ever", ni "umewahi". Ukisikia "are you willing", ni "uko tayari". Masikio yakishazitenga hizo mbili, nusu ya kazi imeisha. Usikariri kwamba ya kwanza jibu ni hapana na ya pili ni ndiyo, maana tiketi yako ya spidi iko ndani ya "have you ever". Wewe jibu ulichoelewa.

Na usichoelewa, sema: "I'm sorry, I don't understand. Can you say it another way?" Ofisa anatakiwa kukurudia na kukubadilishia maneno, na huhukumiwi kwa kuomba. Isemee sentensi hii mbele ya kioo mpaka itoke bila kuona haya.

Kingine: "bear arms". Wanafunzi wangu karibu wote wanasema ni kubeba mikono. Ni kubeba silaha. Utaulizwa kama uko tayari kubeba silaha kwa ajili ya Marekani sheria ikikutaka. Bora ukutane nalo nyumbani kwanza.

---

MamaSifa_DesMoines

Mwalimu, mimi nilijua ni mikono. Hata nilikuwa najiuliza mikono ya nani.

---

Dereva_Usiku

Mama, usijisumbue, mama yako mzee atapewa mkalimani na mtihani mwepesi. Mzee wa jirani yangu alifanya kwa Kiswahili. Na kuna jamaa wanaoandika karatasi ya daktari kwa dola 600, unaachiwa mtihani wote.

---

Binti_Ujiji

Kaka Dereva, hapana, na tafadhali usimpeleke huko. Kufanya kwa lugha yako kuna hesabu zake: umri wa miaka 50 na grinikadi (kibali cha ukaaji wa kudumu) miaka 20, au umri wa miaka 55 na grinikadi miaka 15. Mwenye miaka 65 na grinikadi miaka 20 ndiye anayesoma maswali 20 tu badala ya yote. Mama yake alikuja 2018. Ana umri, miaka ya grinikadi hana.

Karatasi unayoisema ni N-648. Ni ya mtu mwenye ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili unaomzuia kujifunza, na daktari anaeleza unamzuiaje. Uzee peke yake hautoshi, kutojua kusoma peke yake hakutoshi. Ukinunua kwa kishoka, unamtia bibi wa watu kwenye udanganyifu ulioapiwa. Kama kweli ana maradhi ya kusahau au kiharusi, aende kwa daktari wake anayemtibu siku zote, na fomu iangaliwe na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mashirika yaliyotupokea mengi yanao, na ada yao ni ndogo.

---

Dereva_Usiku

Nimekuelewa dada. Kumbe yule mzee wa jirani alikuja kabla ya 2001. Nisamehewe.

---

Mkenya_Texas

Sasa mama. Intavyuu yangu nilifanya mwaka jana, hizi ndizo nilizoona.

Ile sentensi ya kuandika siku hizi si kwenye karatasi, ofisi nyingi unaandika kwa kalamu maalumu juu ya kishikwambi. Mkono unateleza, herufi zinakuwa kubwa kama za mtoto. Kama kuna simu kubwa hapo nyumbani, zoea kuandika juu ya kioo.

Tiketi yako usiogope. Uliiandika, ulilipa, beba risiti. Kibaya ni kuificha, kwa sababu wanaiona. Beba na karatasi za kodi za miaka mitano, hata kama barua haijazitaja. Tangu Agosti wameambiwa wapime zaidi tabia njema ya mtu, mema yake pia, kwa hiyo barua ya kanisa na ya kazini haidhuru kuwa nayo kwenye bahasha. Usiisukume, ngoja uulizwe.

Swali moja muhimu: ulipochukua leseni ya udereva, ulisaini chochote cha kujiandikisha kupiga kura?

---

MamaSifa_DesMoines

Hapana kaka. Mwanangu alinisomea, akaniambia hiyo si yetu bado.

---

Mkenya_Texas

Huyo kijana anastahili ng'ombe. Amekuokoa. Kuna watu uraia wao umekwama hapo.

---

Mzee_Kalemie

Mwanangu, nyongeza ndogo ya sisi watu wa kambi. Faili lako lote wanalo, na yale uliyoulizwa Nyarugusu wanayo: nani alikufa, nani alibaki, ulitoka kijiji gani, mwaka gani. Kaa na mumeo au na mama, mkumbushane tarehe. Kama kuna iliyoandikwa vibaya, mwambie ofisa mwanzoni kabisa: hapa pana kosa, sahihi ni hii. Kosa lililosemwa ni marekebisho.

Nyumbani kwangu sote sita tumezaliwa tarehe 1 Januari. Ofisa alicheka kidogo akauliza imekuwaje. Nikamwambia: hatukuwa na vyeti, kambini waliandika mwaka, tarehe wakatuwekea wao. Akaendelea.

Na jambo la Kongo. Katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganyiki na mwingine. Wakenya wameruhusiwa uraia wa nchi mbili tangu 2010, sisi bado. Mimi nililia siku ya kiapo, sikuona aibu. Ulijue kabla, ukae nalo moyoni, lisikupige ghafla ukiwa umeinua mkono.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Mama Sifa, kuhusu kijana. Umeelewa sawa: awe chini ya miaka 18, awe na grinikadi, awe anaishi nawe na uwe unamlea kisheria. Ukiapa, anakuwa raia kwa sheria bila mtihani wala kiapo chake. Yule wa chini aliye na grinikadi vilevile. Mkubwa wako kama ameshapita 18, atatuma N-400 yake mwenyewe. Baadaye kwa kijana omba pasipoti tu, inatosha kuthibitisha. Cheti cha uraia, kinachoombwa kwa fomu ya N-600, kinapita dola 1,000.

Mwisho wa usaili mwambie ofisa wazi: "My son turns 18 on February 9." Uliza kama kiapo kinaweza kuwa mapema. Hakuna wa kukuahidi, lakini usipouliza hatajua.

Na kila jioni kabla ya shifti, kijana awe ofisa. Atoke nje, aingie, akuite kwa jina la fomu, akusimamishe, uinue mkono. Akuulize vibaya makusudi, haraka, kwa sauti ya chini.

---

MamaSifa_DesMoines, 28 Oktoba 2025

Ndugu zangu. Nimepita.

Naandika niko kwenye gari, sijaondoka hata. Ofisa alikuwa mama, mpole lakini anaongea upesi. Kwenye korido aliuliza kama kuna baridi nje, nikajibu. Tuliketi, akasema kitu kirefu, na "yes" ikaja mpaka kwenye meno. Nikaimeza. Nikasema ile sentensi ya Mwalimu. Akasogeza kiti, akarudia polepole: umewahi kutolipa kodi unayodaiwa? Nikasema "no". Baada ya hapo mikono ikaacha kutetemeka. Niliomba kurudiwa mara nne, zote alinirudia.

Maswali nilipata 6 kwa 7. Niliyokosa ni wabunge wangapi, nilisema 100, hao ni maseneta, wabunge ni 435. Gavana nilimjua, Kim Reynolds. Tiketi aliuliza, nikatoa risiti, hakuishika hata. "Bear arms" nikamweleza kwa vidole ni bunduki, akaitikia kwa kichwa.

Nilimwambia kuhusu 9 Februari. Aliandika pembeni, akatoka, akarudi. Kiapo ni tarehe 14 Novemba.

---

Binti_Ujiji

Vigelegele mama! Nimelia hapa kazini. Uliandikishwa sentensi gani? Shemeji yangu anaingia wiki ijayo.

---

MamaSifa_DesMoines

"We pay taxes." Juu ya kishikwambi, kama kaka wa Texas alivyosema, herufi zilipanda mlima. Kusoma ilikuwa "Who was the first President?" Mwambie shemeji aende amekula.