Nimelemewa, hata kuomba siwezi

Bwana asifiwe wapendwa. Mume kapunguzwa kazini, mama namuuguza hapa hapa kwangu, kodi tunadaiwa, usiku nikipiga magoti maneno hayatoki nalia tu mpaka khanga inalowa. Hivi Mungu anasikia maombi ya hivi?

Jibu: Pole sana dada. Anasikia kabisa. Soma 1 Wafalme 19, nabii Eliya alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, Mungu hata hakumkemea, malaika akamwamsha akala mkate akanywa maji akalala tena, kwa hiyo mpendwa kula kwanza, ulale.

Jibu: Ukikosa maneno chukua Zaburi ya 13, fupi tu, Daudi anamuuliza Mungu hata lini. Isome kwa sauti iwe ombi lako.

Jibu: Jumuiya yako ya kanisani wanajua? Waambie, wapokezane kukaa na mama upumzike. Usione haya, ndo kazi yao.