Naombeni ushauri: Kijerumani cha mwaka wa kwanza chuo kikuu, niendelee au niache?

Binti Mvumoni:
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma Historia, na nimechukua Kijerumani cha kuanzia kama kozi ya hiari. Nakipenda kweli, ila der, die, das, vile vineno vinavyotangulia nomino kuonyesha jinsia yake, zinanichanganya. Nimebandika orodha ya nomino ukutani, nakariri usiku, asubuhi sikumbuki kitu. Halafu mwalimu anasema "Ich habe einen Bruder" (nina kaka), lakini "Ich habe eine Schwester" (nina dada). Kwa nini kwa kaka neno ein libadilike na kwa dada lisibadilike? Tena wiki ijayo tuna wasilisho la utamaduni, na wenzangu wameshachukua Oktoberfest na Ukuta wa Berlin. Mwisho wa kubadili kozi ni Ijumaa.

Kaka wa Mwenge:
Usiache, mdogo wangu. Hiyo orodha ibandue. Ngeli za Kiswahili hukuzikariri. Ulisikia "mti huu, miti hii" mpaka zikakukaa. Kwa hiyo usiandike Tisch (meza) peke yake, andika der Tisch, na wingi wake die Tische, kisha itungie sentensi hapo hapo. Viishio pia vinasaidia: nomino zenye -ung, -heit na -keit huchukua die, zenye -chen huchukua das. Ndiyo maana msichana ni das Mädchen.

Hao kaka na dada hapo ni yambwa, yaani wanaotendwa na kitenzi; Wajerumani huita Akkusativ. Katika umoja kinachobadilika ni jinsia ya kiume tu: der inakuwa den, ein inakuwa einen. Die na das zinabaki vilevile. Dativ (yambwa ya kutendewa) ikifika zote zitabadilika, kwa hiyo hili lishike sasa.

Lindi Kwetu:
Wewe ni mtu wa historia, chukua Tendaguru, kilima cha huku Lindi! Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria huku kwetu kuanzia 1909 hadi 1913, wakayapeleka Berlin. Mifupa ya mmoja imesimamishwa kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, kimo chake kinapita mita 13. Waliochimba, na waliobeba mizigo kichwani mpaka bandarini Lindi, ni wenyeji, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji. Makumbusho yao nayo ni utamaduni wao, na sisi tumo humo ndani. Wasilisho likiwataja wale wachimbaji, mimi nitafurahi sana.

Mama Rehani:
Mwanangu, mimi naishi Hamburg. Jifunze mapema Sie na du, yaani "wewe" ya heshima na "wewe" ya kawaida. Mtu mzima usiyemjua, ofisini au chuoni, ni Sie, na jina la ukoo pamoja na Frau au Herr. Subiri mkubwa mwenyewe akukaribishe kwenye du. Uliyelelewa kwa shikamoo hutapata shida. Na Deutsche Welle wana masomo ya video ya bure ya A1, ngazi ya kuanzia: tazama kidogo kila siku, rudia kwa sauti.

Binti Mvumoni:
Shikamoo mama, na asanteni sana nyote. Naendelea. Tendaguru nimeshamwambia mwalimu, amekubali. Lindi Kwetu, kama kuna wazee huko wanaosimulia habari za wale wabebaji, naomba unisaidie kabla ya Jumatano.