T430, OptiPlex 7010 au T480: ipi ya kuweka steshenari?

Mama_Karatasi
Wakuu habari za jioni. Nafungua steshenari ndogo karibu na chuo hapa Morogoro, kazi zenyewe kuchapa, kuprinti, kuskani vyeti na kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa HESLB na Ajira Portal msimu ukifika. Printa ninayo, ya kompyuta nimebakiza laki tano. Dukani wamenionyesha tatu za mtumba: ThinkPad T430 ya 2012 kwa laki mbili na themanini, Dell OptiPlex 7010 ya mezani, nayo ya 2012, laki tatu na nusu pamoja na skrini, halafu ThinkPad T480 ya 2018 ambayo ni laki sita na ushee. Mdogo wangu anasema niachane na makuukuu ninunue mpya ya bei rahisi, ile ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4. Umeme wa mtaani kwetu unakatika muda wowote. Naomba wanaozitumia kila siku wanishauri.

FundiNati
Dada hiyo mpya ya GB 4 achana nayo kabisa. Nina miaka tisa kwenye ufundi na nyingi za aina hiyo nikizifungua nakuta RAM imechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu), na sehemu ya kuhifadhia mafaili nayo imechomelewa humohumo, sasa ikifa moja ndo basi tena, hakuna cha kuchomoa.

T430 ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, watu walioinunua mpya walitaka iguswe na fundi mara mia bila kulalamika. Ina nafasi mbili za RAM unafika mpaka GB 16, hadi diski (hard disk, ya kuhifadhia mafaili) unaitoa kwa pembeni kwa kufungua skrubu moja tu, na hata prosesa yenyewe imekaa kwenye soketi kwahiyo inatoka. Kibodi ina njia za kupitishia maji yakimwagika. Kuna mteja alimwagia kikombe kizima cha chai ya maziwa, akazima haraka akachomoa betri akaniletea imefungwa kwenye khanga, nikaifungua nikakuta chai imetiririka chini na ndani pamebaki pakavu, nikabadilisha kibodi tu, mwaka wa tatu huu anachapia hiyohiyo. Mashine ya hivyo nikiifunga naifunga kwa roho safi.

KijanaWaMezani
Mi nasimama na 7010. Unafungua ubavu kwa kuvuta kitasa, bisibisi ya nini? Kibodi ikichoka unanunua nyingine kwa bei ya chakula cha mchana, skrini ikifa unaazima ya jirani kazi inaendelea. Na feni yake ina nafasi ya kupumua, laptopu ikikaa kwenye joto na vumbi kutwa nzima inachemka.

Mama_Karatasi
Na umeme ukikatika kijana wangu?

KijanaWaMezani
Hapo inabidi UPS mama, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ila ukweli niseme, UPS nyingi za bei yetu ni dakika za kusevu tu na betri yake ikichoka ni gharama nyingine.

SaibaMtaani
Niko Nairobi, nina saiba yenye hizo 7010 nne, ex-UK zote, watu wanafanyia eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na KRA returns (za kodi) toka asubuhi mpaka usiku na hazijawahi kunisumbua. Lakini kuna kitu hamjamwambia huyu dada. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ile apdeti ya ziada ya usalama ukijiandikisha inakufikisha Oktoba 2026 basi, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. T430 na 7010 ni za kizazi cha 3. Wateja wanakuachia paswedi zao na namba za vitambulisho kwa hiyo mashine, si kitu cha kuchezea. Mimi tatu niliziweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na kitu kilinifurahisha sana ni zile flashi zenye kirusi cha kugeuza mafaili kuwa shotikati, hapo kwa Mint kinakaa tu hakifanyi kitu.

FundiNati
Kweli kabisa mkuu, asante kwa kulileta hilo. Ila mwambie na la pili: CV ya mteja iliyotengenezwa kwenye Word ukiifungua LibreOffice, ile programu ya bure inayotumika kwenye Mint badala ya Word, jedwali linaruka, picha inahama, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari miwili. Mteja yuko mlangoni na bodaboda inamsubiri.

SaibaMtaani
Ndio maana nilisema tatu, si nne 🙂 Hiyo ya nne imebaki na Windows na Word, inafungua mafaili ya wateja na kuprinti, intaneti nimeitoa. Kwa zile za Mint ukiweka fonti za Microsoft, Times New Roman na wenzake, kurukaruka kunapungua sana. Na mwambie mteja alete PDF.

Binti_wa_Ofisini
MacBook Pro ya 2012 jamani? Nayo RAM na hadi diski zinabadilishika.

FundiNati
Ile nzito yenye mlango wa DVD ndiyo, mashine nzuri sana na naipenda, ila mfumo wake wa macOS rasmi uliishia toleo la Catalina na spea zake Morogoro atazisubiri kutoka Dar. Kwa steshenari hapana.

MzeeWaT480
Mwanangu jikaze ongeza hiyo laki na kidogo uchukue T480. Inapokea Windows 11, na ina betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje ikiisha unachomoa unapachika nyingine mashine haizimi. Kwa umeme wetu hilo peke yake linatosha. LAKINI angalia prosesa, zipo T480 zilizotoka na i5-7300U ambayo ni kizazi cha 7, hiyo usichukue, tafuta 8250U au 8350U.

FundiNati
Namuunga mkono mzee. Ukibaki na T430 pia sawa, ila muulize betri, maana hizo mashine zinaikagua betri na zisizo za Lenovo nyingi zinagoma kuchaji. Na yoyote utakayochukua iwe na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), mashine ya 2012 ikiwa bado na hadi diski ya kuzunguka utaichukia bure. Pale dukani fungua Notepad ubonyeze kibodi yote herufi kwa herufi, kisha chomoa chaja ukae nayo nusu saa uone betri inashuka vipi.

Mama_Karatasi
Nimerudi wapendwa. Leo nimekaa pale dukani na T480 kuanzia saa nne, chaja wameishika wao. Nikaangalia, i5-8350U. Kibodi yote inaandika isipokuwa herufi N mpaka uikandamize, wakabadilisha kibodi palepale nikiwa naangalia. Nusu saa betri imetoka asilimia 91 ikafika 78. Tumeelewana laki tano na sabini, hizo sabini nimekopa kwenye kikoba. Jumatatu nafungua.

FundiNati
Hongera dada. Betri ya nje ya akiba itafute mapema, kabla ya msimu wa mikopo.