Nimepewa nafasi ya Othello, nimfuate nani kati ya hawa?

Kijana wa Chikongola:
Wakuu salaam. Kikundi chetu cha maigizo hapa Mtwara tunaandaa Othello, tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili, tumetafsiri wenyewe, na nafasi ya Othello mwenyewe, jemadari mweusi aliye mgeni kule Venisi, imeniangukia mimi. Tutaigiza uwanjani bila kipaza sauti. Mwongozaji kaniambia niwaangalie waliotangulia. Nimewaangalia, ndiyo nimevurugwa kabisa. Laurence Olivier, Mzungu, kwenye filamu ya 1965 anaingia kwa madaha, ananusa ua, kajipaka weusi, akikasirika anatikisa nyumba. Laurence Fishburne wa 1995 mambo mengi anayamaliza kwa macho. Adrian Lester wa 2013 ni ofisa wa jeshi la leo, na kombati juu.

Kinachonishinda ni lile onyesho Iago, ofisa wake, anapomtia sumu ya maneno kwamba mkewe Desdemona si mwaminifu. Linaanza jamaa anampenda mkewe, linaisha keshaamua afe. Nikipandisha haraka watu wanacheka, nikienda taratibu wanachati. Nimfuate nani?

Binti Mikindani:
Olivier mwache na masizi yake. Ila kuna kitu kimoja mwibie: kabla ya igizo alifanya mazoezi ya muda mrefu ili sauti ishuke chini. Wewe uwanjani na upepo wa bahari utahitaji kifua, si macho ya Fishburne. Macho ni ya kamera, kaka. Mtu aliyekaa mkeka wa nyuma hayaoni.

Mzee wa Lindi:
Mwanangu, kwa sauti msikilize Paul Robeson, mwigizaji mweusi wa Marekani. Aliicheza London 1930, kisha Broadway, New York, kuanzia 1943, maonyesho 296, na igizo lile lilirekodiwa kwa sauti. Hana haraka. Unamsikia mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa, na ndiyo maana anapovunjika inauma.

Halafu mtafute John Kani, Market Theatre, Johannesburg, 1987, mwongozaji akiwa Janet Suzman. Ilirekodiwa kwa ajili ya televisheni. Sheria ya kukataza ndoa za weusi na weupe kule ilikuwa imefutwa 1985 tu, kwa hiyo Kani, mweusi, akimbusu Desdemona mweupe jukwaani, hilo peke yake ni siasa. Kwangu mimi anampita Olivier mbali. Olivier anaigiza mtu mweusi. Kani anaigiza mume.

Korosho Ghafi:
Shikamoo mzee. Sasa Mtwara wote sisi weusi, huo ugeni wa Othello watu watauonaje?

Kijana wa Chikongola:
Tulifikiria awe ametoka ng'ambo ya Ruvuma.

Korosho Ghafi:
Hahaha! Mmakonde wa Msumbiji mgeni hapa? Huyo atapewa mke na shamba la mikorosho juu. Mfanyeni mtu wa bara.

Binti Mikindani:
Si lazima rangi ibebe kila kitu. Mwaka 2015 kampuni ya Royal Shakespeare ya Uingereza ilimpa Othello Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana, na Iago akawa Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania wenzetu. Iago mweusi! Hapo chuki inakuwa ya mtu wa karibu, aliyepitwa cheo na ambaye bado anaaminiwa. Hiyo Mtwara inaeleweka bila maelezo.

Mzee wa Lindi:
Turudi kwenye swali la kijana, maana hajajibiwa. Kicheko hicho sidhani kama kinatoka kwako. Kwenye tamthilia, katikati ya onyesho lile Othello analalamika kichwa, Desdemona anataka kumfunga leso, leso inaanguka, wanatoka wote wawili. Emilia, mke wa Iago, anaiokota, Iago anaichukua. Ndipo Othello anarudi, na karudi mwingine kabisa. Ule mruko mkubwa Shakespeare kaufanyia nyuma ya pazia. Je, mmeibakiza hiyo sehemu?

Kijana wa Chikongola:
Mwongozaji aliifupisha ili tumalize kabla ya Isha. Emilia anaokota leso mimi bado nimesimama palepale.

Mzee wa Lindi:
Sasa wasicheke kwa nini? Mwambieni airudishe. Na kabla hujatoka usiigize hasira hata kidogo, igiza kusikiliza. Soma uone: Othello ndiye anayeuliza, anadai maneno, Iago anajifanya hataki kusema. Mwangalie Lester hapo, Iago wake, Rory Kinnear, anamwendea mkuu wake wakiwa kazini, mambo ya kawaida tu. Wawili hao waligawana tuzo moja mwaka ule, kwa haki.

Binti Mikindani:
Na huyo Iago wenu ni nani? Maana mkiwa mnafanana kiwango mbadilishane mazoezini. Richard Burton na John Neville mwaka 1956 pale ukumbi wa Old Vic, London, walipokezana, leo huyu Othello, kesho yule.

Kijana wa Chikongola:
Ni jirani yangu, tena yeye ndiye aliyeitaka nafasi yangu. Naomba kwanza nipate hiyo leso yangu irudishwe, la kupokezana nitalileta Jumamosi mwongozaji akiwa na furaha.