MJADALA: Wasichana wa Katanga na astronomia, tuwatengee fungu lao au wangoje?

Mwalimu wa fizikia, Kampemba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Kivu mnaotusoma, naleta hoja ninayotaka tuijadili bila kuoneana haya. Sheria ya madini ya 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha unaolipwa na kampuni za shaba na kobalti. Mimi nasema sehemu ndogo ya fungu hilo itengwe kila mwaka kwa wasichana wa Haut-Katanga wanaotaka kusomea astronomia hadi uzamivu. Na isiwe minerval, yaani ada, peke yake. Walipiwe pia mega za intaneti, nauli na masomo ya Kiingereza, ili waungane na wanawake wengine wa Afrika wanaofanya kazi hiyo.

Sababu yangu naiona darasani. Kwenye Math-Physique, mkondo wa hisabati na fizikia, wasichana ni wa kuhesabu. Wengi huwa wameshaelekezwa Pédagogie (ualimu) au Coupe-couture (ushonaji) mapema, kabla hawajaonja fizikia yenyewe. Anayebaki hukaa peke yake kwenye benchi, na akikosea zoezi moja ubaoni anaambiwa "si tulikwambia?" Kiangazi kimoja mwanafunzi wangu aliazima darubini ya macho mawili ya mjomba wake, akaiegemeza juu ya ukuta wa uwanja ili mikono isitetemeke, akaitazama Jupita. Alichora duara dogo na nukta nne pembeni. Usiku uliofuata akachora tena, nukta zimehama. Kisha ukaja usiku ambao zilionekana tatu tu, akaja kuniuliza ya nne imekwenda wapi. Sikuwa nimemwambia bado kwamba ile ni miezi, na kwamba mmoja ulikuwa umepita nyuma ya sayari. Binti anayeuliza hivyo, nikimaliza kumpa yote ninayojua mimi, atazungumza na nani?

Baba wa mabinti, Ruashi

Mwalimu, heshima yako. Lakini fungu la mkoa ni la barabara, maji na shule ambazo watoto wanakaa chini kwa kukosa madawati. Kwangu maji yanatoka usiku wa manane, mama watoto anaamka kujaza madumu. Nimwambie mrabaha umekwenda kwenye nyota? Halafu huyo binti akishapata udaktari wake atafanya kazi wapi? Nchi haina darubini kubwa ya utafiti hata moja. Asome jiolojia au metalojia, mgodi wa kumwajiri upo hapa hapa. Tukimpeleka kwenye astronomia tutakuwa tumewasomeshea Afrika Kusini na Ulaya.

Mwanafunzi wa Polytechnique

Mimi ni mvulana na mambo ya anga nayapenda tangu shule ya msingi. Maabara anayoikosa msichana naikosa na mimi. Minerval yangu inatoka kwenye mikate anayouza mama. Kwa nini fungu liwe la upande mmoja? Wekeni mtihani, atakayepita apite.

Mwalimu wa fizikia, Kampemba

Mdogo wangu, uchungu wako ni wa haki, na klabu ya darubini shuleni lazima iwe ya wote. Lakini mtihani ungetosha kama baada ya kuupita watu wangesikilizwa sawasawa. Mwaka 1925 mwanamke mmoja, Cecilia Payne, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa kabisa. Mkubwa mmoja wa fani hiyo, Henry Norris Russell, akamwambia haiwezekani. Payne alikuwa kijana, mgeni Marekani, hana wa kusimama naye, akakubali kuandika kwamba matokeo yake yenyewe huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell akafikia jibu lile lile kwa njia yake. Payne alikuwa amepita kila mtihani. Alichokosa ni watu wa kumwambia "shikilia hapo hapo, hesabu yako ni sahihi."

Na Jocelyn Bell vilevile. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, alishiriki kujenga kwa mikono darubini ya mawimbi ya redio, nguzo na nyaya uwanja mzima, kisha akawa anakagua karatasi ndefu za vipimo. Akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine, akaing'ang'ania mpaka zikajulikana pulsa, mabaki ya nyota yanayozunguka na kutoa mapigo kwa vipindi visivyobadilika. Nobel ya 1974 walipewa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 yeye alipopewa tuzo nyingine, ya dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe wanafunzi wa fizikia wa makundi yanayoachwa nyuma, wanawake wakiwemo. Aliyeyapitia mwenyewe aliona kwamba fungu la pekee linahitajika. Mimi namwamini.

Mama wa Katuba

Miye naogopa usiku, sitaficha. Hapa kwetu giza likishaingia na umeme ukikatika, binti hatoki hata kwenda dukani. Huyo aliyekuwa anachora nukta alikuwa na nani pale ukutani? Na nyota hazionekani mchana.

Mwalimu wa fizikia, Kampemba

Alikuwa na kaka yake, mama. Kaka akichoka, kazi inaishia hapo.

Mkongomani niliyesomea Cape Town

Mama wa Katuba, salamu nyingi. Hofu yako hata mama yangu alikuwa nayo. Lakini kazi yenyewe imebadilika sana. MeerKAT, iliyozinduliwa 2018 kule Karoo, Afrika Kusini, ina masahani 64, na hiyo ni darubini ya redio: inapokea mawimbi mchana na usiku. Mtafiti hakai jangwani. Anakaa ofisini na kompyuta, anachambua namba. Picha na vipimo vya Hubble, darubini iliyoko angani, navyo hufunguliwa kwa dunia nzima baada ya muda, binti anaweza kuvifanyia kazi akiwa Katuba, mradi ana mega na umeme.

Na hiyo sababu ya usiku ina historia. Pale Palomar, kituo cha darubini huko California, mpaka katikati ya miaka ya 1960 wanawake hawakupewa zamu ya darubini kwa majina yao. Kisingizio kilikuwa choo, ati kipo cha wanaume tu. Vera Rubin aliingia 1965. Baadaye vipimo vyake vya jinsi galaksi zinavyozunguka vikawa kati ya ushahidi mkubwa wa mata isiyoonekana, na leo kuna kituo kizima Chile chenye jina lake. Choo kingejengwa mapema, wangeingia wangapi kabla yake?

Sasa niseme kuhusu upweke, maana mwalimu ameugusa. Nilifika na Kifaransa na Kiswahili, semina zote Kiingereza. Mwezi wa kwanza nilikuwa naandika maneno nisiyoyaelewa ili nikayatafute usiku. Aliyenitoa pale ni dada kutoka Madagaska, aliyenieleza kwa Kifaransa nani ni msimamizi mwema, nani wa kumkwepa, na mlango upi wa kugonga mkubwa akikuvunjia heshima. Hayo hayaandikwi kwenye tangazo la ufadhili. Tangu 2020, chini ya Jumuiya ya Astronomia ya Afrika, kuna mtandao wa wanawake wanaastronomia wa bara hili, AfNWA kwa kifupi. Mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ulioanzishwa 1919, ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza Afrika. Nchi 8 za Afrika ni washirika wa Afrika Kusini katika mradi wa SKA, darubini kubwa ya redio. Zambia imo, sisi hatumo. Na kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilometa kama 90 tu.

Baba wa mabinti, Ruashi

Dada, asante, umeeleza vizuri. Ila umenithibitishia neno langu. Uko Cape Town. Hukurudi.

Mkongomani niliyesomea Cape Town

Sikurudi, baba, na linaniuma. Ningerudi kwa nani? Idara haipo, mwenzangu wa kukagua hesabu zangu hayupo, wa kushika somo nikiumwa hayupo. Mtu mmoja haanzishi idara. Ndiyo maana napinga ufadhili wa kumchukua binti mmoja hodari na kumtupa ughaibuni. Wachukuliwe watano kwa pamoja, waunganishwe na wanawake wa Zambia, Kenya na Madagaska tangu mwaka wa kwanza, na mkataba wa kufundisha hapa uwe wa wote watano. Watano wanaweza kurudi.

Msomaji wa Bukavu

Niongeze dogo. Lwiro, hapa karibu na Bukavu, kituo cha utafiti kilianzishwa 1947 na kinapima matetemeko. Goma ina kituo chake cha volkano. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 kila mtu alitaka kujua nani anasoma mitambo. Kuchambua mtikisiko uliozama ndani ya kelele, na kuchambua mapigo ya nyota yaliyozama ndani ya kelele, hesabu zake zinakaribiana sana. Na darubini si lazima inunuliwe mpya: Ghana ilichukua sahani kuukuu ya mawasiliano pale Kuntunse, upana wake mita 32, ikaigeuza darubini ya redio, ikazinduliwa 2017. Baba wa Ruashi, binti wa astronomia si lazima akose kazi Kongo. Ila mkimchagua, msisahau Kivu.

Mwanafunzi wa Polytechnique

Hilo la watano nalielewa. Bado nataka klabu ya darubini iandikwe kwenye pendekezo lenyewe. Ahadi ya mdomo hapana.

Mwalimu wa fizikia, Kampemba

Itaandikwa, na wewe uje uiandike. Nauli ya kwanza iwe ya kuvuka mpaka: wasichana wakakutane na wenzao wa Zambia ana kwa ana, na mama anayetaka amsindikize bintiye.

Baba wa mabinti, Ruashi

Hapo mnaanza kusema lugha ninayoisikia. Lakini sijakubali. Wekeni hapa makisio: nauli kiasi gani, mega kiasi gani, nani anashika hesabu, na binti asiporudi nani analipa. Na kwenye karatasi hiyo hiyo muonyeshe madawati ya Ruashi yanatoka fungu gani. Nikiyaona yote mawili nitatoa jibu langu.