Naombeni ushauri: mazoezi ya mgongo geto bila vyuma

Wakuu habari zenu. Nimepanga chumba kimoja Mbagala, gym siwezi, hela inaishia kwenye nauli na msosi, kwa hiyo napiga tizi hapahapa geto. Kifua na miguu sina shida, pushapu napiga miguu ikiwa juu ya kitanda, skwati nabeba begi nimejaza sembe kilo 10, fresh kabisa. Ishu ni mgongo, sina pa kuning'inia, mlango ukiugusa tu unalia, na mwembe wa uani umekaa usawa wa bafu la wapangaji, ukipanda pale utaitwa mchunguliaji😂

Saa hivi nainama navuta ndoo ya maji ya lita 20 kuja tumboni, mkono mmoja mmoja, maji peke yake ni kilo 20 kwa hiyo uzito upo ila ule mshikio wa waya unakata vidole kabla mgongo haujachoka, nimeuzungushia tambara wapi. Halafu kesho yake kiuno kinavuta, hiyo ni kawaida au nainama vibaya? Na kuna aliyejaribu kufunga shuka fundo akabana mlangoni akawa anajivuta? Linahimili?

Mwenye uzoefu anijuze, wa "kanunue vyuma" pita kushoto.